Kujisimamia ukiwa na ugonjwa wa kudumu ni nini hasa

Ukiwa na sukari, presha au pumu utaambiwa kliniki ujifunze kujisimamia, na wengi tunaitikia ndio tukidhani ni kumeza dawa kwa wakati basi. Dawa ni sehemu tu. Hebu piga hesabu, mtu wa kliniki kila mwezi hata akikaa na daktari nusu saa nzima kila akienda, hayo ni masaa 6 kwa mwaka, na mwaka una masaa 8,760. Yote yaliyobaki yuko mwenyewe nyumbani, Kiboriloni au Majengo pale Moshi, anaamua ale nini, afanye nini akijisikia vibaya, na maamuzi hayo ndo kujisimamia kwenyewe.

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Juliet Corbin na Anselm Strauss, waliandika kwamba mgonjwa wa kudumu ana kazi tatu. Ya kwanza ni ya ugonjwa wenyewe: dozi, vipimo, chakula, kukagua miguu kila siku kama una sukari, hasa we unaeingia migombani peku maana kidonda unaweza usikisikie kabisa. Na kujua dalili. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L kwenye mashine) unatetemeka, jasho linakutoka, unachanganyikiwa, hapo kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida au maji yenye vijiko vidogo vitatu vinne vya sukari, subiri dakika 15, pima tena.

Kazi ya pili haisemwi sana na ndo inawaangusha watu. Ni kuendelea kuwa mama, baba, fundi, mwenyekiti wa kikundi, huku ugonjwa upo. Chukulia Desemba, ukoo mzima umepanda Moshi, nyama inachomwa, mbege, ile pombe ya ndizi, inazunguka, na baba mkubwa ana presha na anategemewa anywe na wenzake, sasa akikataa ataonekana anajitenga na akikubali kila nyumba wiki nzima imeshaharibika. Kujisimamia hapo ni kupanga kabla hajatoka nyumbani, mfano anapokea kata ya mbege anaonja kidogo anampasia wa pembeni, chumvi ya mezani haigusi, na dawa zipo mfukoni zisije zikabaki Arusha anakoishi. Mtori nao haujakatazwa kwa mwenye sukari ila ndizi ni wanga kama ugali, kwahiyo ni bakuli dogo na mboga nyingi pembeni.

Ya tatu ni ya moyo, yaani hofu, hasira, kuchoka kumeza vidonge kila siku ya Mungu. Naomba ndugu tusikie hapa. Kumpigia mama kelele mbele ya wageni eti si umekatazwa hicho kunamfanya ale kwa kujificha, na akificha hatamwambia ukweli hata nesi. Muulize tu anahitaji asaidiwe nini.

Kate Lorig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitengeneza mafunzo ya haya mambo, wiki 6, masaa mawili na nusu kila wiki, na wanaoongoza wengi ni watu wenye magonjwa hayohayo. Kila mtu anapanga jambo dogo la wiki: nitatembea mpaka soko la Mbuyuni, siku 4, asubuhi kabla ya chai. Halafu anajipa alama 0 hadi 10 ana uhakika gani atafanya, ikiwa chini ya 7 mpango unapunguzwa mpaka uwezekane. Mi napenda sana hili kwasababu halimlaumu mtu, linapunguza mzigo.

Ila kujisimamia sio kujitibu. Kuacha dawa ya presha kwasababu kichwa hakiumi ni hatari, presha mara nyingi haina dalili yoyote. Dawa ikikuchosha, au hela ya kuinunua haipo, andika kwenye daftari pamoja na vipimo vyako vya nyumbani na siku ulizoruka dozi, umsomee daktari hivyohivyo, maana kama hajui ulikuwa huzimezi anaweza kukuongezea dozi bure.