Kwa nini kufuli huzunguka kidogo, kisha likagoma?

Kuna makufuli ambayo ukiyajaribu bila ufunguo hukubali nusu nusu. Ile sehemu inayopokea ufunguo huzunguka nyuzi chache tu za pembe, ukadhani kazi imekwisha, halafu hukwama hapo hapo. Kwa nini lianze kufunguka kisha likatae?

Jibu nililokuwa nalo kwa miaka mingi ni kwamba makufuli hayo yana pini ngumu. Pakiti zake husema yana "pini za usalama", nami nikaamini usalama huo unatokana na chuma kigumu kinachostahimili nguvu. Kwa imani hiyo, kufuli likikwama dawa yake ni kukaza zaidi. Nilikosea yote mawili, na kosa la pili ndilo baya, kwa sababu kukaza zaidi ndiko hasa kunakolifanya kufuli la namna hiyo ling'ang'anie.

Aliyenisahihisha ni fundi wa kuchonga funguo mjini Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Nilimpelekea kufuli langu la kujifunzia kufungua bila ufunguo, lililonishinda wiki nzima. Akalibana kwenye jiliwa, akalifungua, akatoa pini moja kwa kibano na kuiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa ndogo mno, kipenyo chake kama milimita 3.

"Dada, ikwaruze kwa kisu," akasema.

Nikaikwaruza, ikaacha mstari unaong'aa. Ilikuwa shaba ile ile ya manjano ambayo funguo nyingi hutengenezwa nayo, laini kabisa. Akaweka pembeni yake pini ya kawaida kutoka kufuli jingine. Metali ni ile ile na urefu unakaribiana. Tofauti ilikuwa umbo tu: moja imenyooka kama kipande cha penseli, nyingine imekatwa kiuno katikati, ikabaki na midomo mipana juu na chini, mithili ya bobini ya cherehani.

"Nguvu haipo hapa," akasema. "Hii imekatwa kiuno tu."

Niongeze jambo moja ili nisiwapotoshe kwa upande mwingine. Pini za chuma kigumu zipo, na watengenezaji wengine huziweka ili kuzuia kufuli lisitobolewe kwa drili. Lakini hiyo ni kazi nyingine. Pini ya bobini haipambani na drili wala nyundo. Inapambana na vidole vya mtu anayejaribu kuhisi kilichomo ndani, na silaha yake ni kumpa habari ya uongo.

Ili uone uongo huo unavyotengenezwa, kumbuka kwa ufupi namna kufuli la pini linavyofanya kazi. Wazo lenyewe ni la kale. Makufuli ya mbao yenye pini yalijulikana Misri ya kale. Umbo tunalolitumia leo, la ufunguo bapa wenye meno, lilitokana na kazi ya Linus Yale na mwanawe wa jina hilo hilo, Marekani, katikati ya karne ya 19. Ndani yake kuna kiini kinachozunguka, kilichokaa ndani ya ganda lisilozunguka. Matundu yanapita kutoka kwenye ganda hadi kwenye kiini, na kila tundu lina springi na pini mbili, ya juu na ya chini. Kufuli likiwa limefungwa, pini za juu zimekaa nusu kwenye ganda na nusu kwenye kiini, kwa hiyo kiini hakiwezi kuzunguka. Meno ya ufunguo sahihi huinua kila jozi kiasi kwamba mpaka wa pini ya juu na ya chini unalingana sawasawa na mpaka wa kiini na ganda. Hapo kiini kinakuwa huru.

Kama matundu yote yangetobolewa kwa ukamilifu, kufungua bila ufunguo kungekuwa balaa, kwa sababu ingebidi uinue pini zote tano au sita kwa pamoja. Lakini hakuna mashine inayotoboa kwa ukamilifu. Tundu moja limesogea sehemu ndogo mno ya milimita, jingine limekaa upande. Fikiria vijana watano wamebeba gogo begani, na vimo vyao havilingani. Mzigo wote unamwelemea mrefu kuliko wote. Akiinama, unahamia kwa anayemfuata. Pini nazo hivyo hivyo: ukikipa kiini mkazo mdogo wa kukizungusha, ni pini moja tu inayobanwa kweli kweli. Unaitafuta kwa waya uliopindwa ncha, unaiinua mpaka inalia "tik", kiini kinasogea kidogo sana, na mzigo unahamia kwa pini nyingine. Unafungua moja baada ya nyingine.

Sasa ingiza bobini mahali pa pini ya juu. Ukiinua pini yenye kiuno, kabla mdomo wake wa chini haujavuka mpaka, kiuno hufika hapo kwanza. Kiuno ni chembamba, kwa hiyo kiini kinapata nafasi ya kuzunguka zaidi kuliko kawaida. Unasikia "tik", unaona tundu la ufunguo limepinda, unafurahi. Kumbe ukingo wa kiini umeingia kwenye kiuno, na mdomo wa chini umenasa chini ya ukingo wa ganda.

Waliokulia Kibosho au Marangu, ambako mbuzi wa maziwa hulishwa bandani, wameona jambo hili kwa macho. Mbuzi huingiza kichwa kati ya mbao mbili kufuata majani. Kichwa kikishapita, ni shingo iliyobaki katikati ya mbao, na shingo ni nyembamba, kwa hiyo mbuzi anajiona yuko huru: anatikisa, anageuka kidogo, anakula. Akitaka kurudi nyuma kwa nguvu, pembe zinagota kwenye mbao. Kadiri anavyovuta ndivyo pembe zinavyokaza. Mtoto anayejua kazi hamvuti mbuzi. Humsukuma kidogo arudi alikotoka, akamgeuza kichwa, ndipo akamtoa.

Shingo ya mbuzi ni kiuno cha bobini, pembe ni ule mdomo wa chini, na mbao ni ukingo wa ganda. Mimi wiki nzima nilikuwa navuta mbuzi.

Kinachotakiwa ni kinyume cha hisia zote za mkono. Kiini kikiisha kuzunguka kwa uongo, unaendelea kuisukuma juu kwa upole pini iliyonasa, huku kidole kinachokaza kiini kikilegea kidogo kidogo. Mdomo wa chini unapotafuta njia ya kupita, unausukuma ukingo wa kiini kando, na kiini kizima kinarudi nyuma. Hakuna pini ya kawaida inayofanya hivyo. Fundi alinishikisha mkono wa kushoto kwenye kipande bapa cha chuma cha kukazia kiini, alichokichuna kutoka kwenye waipa kuukuu ya gari, akainua pini yeye mwenyewe kwa mkono wake. Nilihisi chuma kikinisukuma kidole kurudi, taratibu, kama kitu chenye uhai. Mkono wangu ukakaza bila kuuambia.

"Usimzuie," akasema. "Mwache arudi."

Nikalegeza. Kiini kikarudi kiasi, pini ikapita, kisha kikazunguka tena. Ukilegeza kupita kiasi, pini ulizokwisha kuziweka zinaanguka zote na unaanza upya. Nilianza upya mara nyingi kuliko nilivyohesabu.

Ndugu wa bobini wapo. Kuna pini za umbo la uyoga, ambazo kiuno chake kinateremka polepole, na kuna za mistari, zilizochongwa mifereji midogo kuzunguka mwili mzima. Hizo za mistari hazizungushi kiini kwa wingi; zinalia "tik" nyingi za uongo, na kila moja inafanana na ile ya kweli.

Werevu huu haukuanzia kwenye pini. Joseph Bramah wa London alitengeneza mwaka 1790 kufuli la aina nyingine, la vibao vinavyoteleza, na likatolewa ahadi ya gini 200, fedha ya Uingereza ya wakati huo, kwa atakayelifungua bila ufunguo. Baadaye vibao vya makufuli ya Bramah viliongezewa mikato ya uongo, ya kumnasa mjaribuji kabla hajafika kwenye mkato wa kweli. Kufuli hilo la ahadi lilisimama mpaka 1851, Alfred Charles Hobbs kutoka Marekani alipolifungua kwa zaidi ya saa 50 za kazi zilizosambaa katika siku 16.

Leo watu hufanya hivi kama mchezo. Ujerumani wana chama chao, SSDeV, tangu 1997, na Uholanzi wana TOOOL. Kanuni mbili za mchezo ni hizi: gusa kufuli lako tu, tena lisiwe linalofunga kitu unachokitegemea. Kwetu kuna sababu ya ziada ya kuzishika, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Vifaa vyangu havitoki mezani kwangu.

Je, pini hizi zinakulinda nyumbani? Kiasi. Fundi hana takwimu, ana uzoefu wa benchi lake: wanaokuja baada ya kuibiwa humletea hapo komeo lililokatwa au fremu iliyong'olewa, na kufuli lenyewe likiwa zima bado limefungwa.

Siku ile alipokuwa akilirudishia kufuli langu pini zake, niliona anapanga bobini kwenye matundu manne na la tano analitilia pini ya kawaida, iliyonyooka. Nikamwuliza kama zimemwishia. Hazikuwa zimeisha. Akanipa silinda nyingine aliyoijaza bobini tupu na kuniambia niizungushe kwa kucha, bila ufunguo. Ikacheza kulia na kushoto, matundu ya kiini yakihama kidogo kila mara. Kisha akaingiza ufunguo wake halali, nao ukakwama njiani.