Daftari la zamu: watu sita, miji mitano

Mama yangu alikuwa muuguzi hapa Tanga kwa miaka mingi, na kitu ninachokikumbuka mikononi mwake kuliko hata sindano ni daftari la ripoti. Muuguzi wa usiku haondoki wodini kabla hajaandika: mgonjwa wa kitanda cha nne kapewa dawa gani na saa ngapi, ipi hajapewa, daktari kaagiza nini, nani anasubiri majibu ya maabara. Anayeingia asubuhi anasoma, anauliza palipo na utata, ndipo mwenzake anakwenda kulala. Nikiwa mdogo niliona ni makaratasi tu yanayomchelewesha mama kurudi nyumbani.

Sasa mimi ni mhandisi wa programu, mwaka wa nne katika kampuni changa ya watu sita isiyo na ofisi popote. Siku zetu nyingi zilizoharibika, ukizifuatilia hadi mwanzo, utakuta kuna mtu alifunga zamu bila kuandika ripoti.

Timu yetu iko hivi. Mimi Tanga. Mbunifu wa kurasa yuko Muscat. Anayeshughulikia upande wa simu yuko Pune, India. Mhandisi mwingine yuko Lisbon. Toronto wako wawili: mwanzilishi, ambaye naye anaandika msimbo (yale maagizo yanayoiendesha programu), na dada anayepokea malalamiko ya wateja. Tunatengeneza programu ya kupanga miadi kwenye kliniki za wanyama wa nyumbani huko Kanada na Ureno. Toronto wanapofungua kompyuta asubuhi, mimi natazama saa ya kufunga kazi. Tunaonana moja kwa moja saa moja, zikizidi mbili. Muda wote uliobaki tunasomana.

Wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na intaneti na malipo. Malipo niyamalize hapa: kwa mkataba nilionao mimi ni mtoa huduma, si mwajiriwa, kwa hiyo bima ya afya, akiba ya uzeeni na kodi yangu nazipanga mwenyewe. Kabla ya kukubali kiasi chochote kwa dola, piga hesabu ya hayo kwanza, pamoja na makato ya benki ya kila mwezi. Wengi husahau, na mimi nilisahau mwaka mzima wa kwanza.

Turudi kwenye daftari. Mwezi wangu wa tatu kazini tulipata hitilafu: miadi inayojirudia kila wiki ilikuwa inajiandika mara mbili. Nikaishughulikia mchana kutwa. Jioni nikaandika kwenye ukurasa wetu wa makabidhiano, kwa Kiingereza maana ndiyo lugha ya timu: “Tatizo la miadi kujirudia nimelishughulikia, liko sawa. Usiku mwema.” Nikafunga kompyuta.

Mwanzilishi akaamka Toronto, akakuta kliniki bado zinalalamika. Nilikuwa nimemaliza kurekebisha, ila kwenye kompyuta yangu. Seva, ile kompyuta inayowahudumia wateja wote, haikuwa na habari. Yeye angejuaje? Akatafuta kwa saa tano, akaandika rekebisho lake, akalipandisha. Asubuhi yangu nami nikapandisha langu juu ya lake. Mawili yale yakagombana, na mama mmoja mwenye paka akapokea ujumbe wa kumkumbusha miadi mara nne usiku wa manane. Hakuna aliyenigombeza. Nilipomsimulia mama alinijibu swali moja tu: “Sasa mwanangu, wa asubuhi ulimwachia nini?”

Leo tatizo lilelile ningeliandika hivi (‘tawi’ ni nakala ya pembeni ya msimbo):

“Hali: miadi ya kila wiki inajiandika mara mbili mteja akibadilisha saa. Imeonekana kliniki 3. Nilichofanya: rekebisho liko kwenye tawi linaloitwa miadi-rudio, majaribio yote yamepita. Ambacho sijafanya: halijapanda kwenye seva, na miadi iliyokwisha kujirudia sijaifuta. Ninachoomba: soma faili moja tu, la kalenda. Ukiridhika, pandisha. Usiporidhika, liache na uniandikie hapa sababu. Likiharibika: rudisha toleo la jana, amri iko chini ya ukurasa huu.”

Kuiandika kunanichukua dakika kumi na tano. Sehemu ya ‘ambacho sijafanya’ ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu akichoka hupenda kutaja alichomaliza. Mwenzako aliye mbali haoni uso wako, haoni kwamba kikombe cha chai kimepoa mezani na bado umekunja ndita. Anaona maneno tu.

Na maneno yana mitego yake. Wa kwanza kwangu ulikuwa salamu. Nimelelewa kwamba hufiki kwa mtu ukaanza na shida. Unasalimia, unasubiri akuitikie, unauliza za nyumbani, ndipo unasema kilichokuleta. Basi nilikuwa namwandikia mtu wa Toronto, “Habari za asubuhi, hujambo?” kisha nasubiri. Kwake ni usiku wa manane. Anaamka, anajibu, “Sijambo, na wewe?” Wakati huo mimi nipo sokoni. Siku imekwenda na swali langu bado liko kifuani. Sikuacha kusalimia, na sioni sababu ya kuacha. Ninachofanya ni kuweka salamu na haja kwenye ujumbe mmoja. Kijana wa Muscat ndiye ninayesalimiana naye kwa kirefu, kwa sauti: ananiamkia, “Shikamoo dada,” naitikia, namuuliza za wazee, ananiuliza za mvua. Sote tunaianza kazi tukiwa na moyo mkunjufu.

Mtego wa pili ni ‘sawa’. Kwetu ‘sawa’ inaweza kuwa nimekusikia, endelea. Mwenzetu wa Lisbon alipendekeza tubadilishe jinsi ya kuhifadhi majina ya wateja, nikamjibu kwa Kiingereza neno lenye uzito huohuo. Yeye akalipokea kama ahadi, akajenga kazi ya wiki mbili juu yake. Tangu hapo tunatumia mawili: ‘nimesoma’ na ‘nakubali’. Asiyeandika la pili hajakubali.

Wa tatu ni saa, na hapa nitakaa kidogo. Siku moja nilimwambia yule kijana wa Muscat kwa Kiswahili, “Tuanze saa kumi.” Kazaliwa kulekule, wazee wake ni wenye asili ya Unguja, Kiswahili chake ni cha nyumbani, ila saa anazihesabu kwa Kiarabu. Saa nne asubuhi alikuwa ameshakaa kwenye kikao, peke yake, ananingoja. Mimi nilikuwa na maana ya alasiri. Na hata tungeelewana, kumi yake si kumi yangu, kwa kuwa Oman imetutangulia kwa saa moja. Si yeye tu. Vuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Bujumbura na saa inarudi nyuma moja, ilhali Kiswahili unaendelea nacho.

Zaidi ya hapo kuna nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kufuata msimu. Sisi, Oman na India hatusogezi. Toronto husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ureno Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kikao chetu cha kila siku kilikuwa kimefungwa kwenye saa tatu asubuhi ya Toronto: kwangu saa kumi na moja jioni wakati wa baridi yao, saa kumi alasiri wakati wa joto lao. Katikati ya Machi kulikuwa na wiki tatu ambazo Lisbon hawakuwa na hakika waingie saa ngapi. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na kabla Toronto hawajasogeza saa yao tarehe 9, kikao kilimwangukia mwenzetu wa Muscat saa kumi na mbili jioni, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi. Hakulalamika. Niliona tu kwenye video nyuma yake mama yake anapanga tende mezani, nikajua tunamtoa kwenye futari.

Siku hiyohiyo niliandika pendekezo, na likakubaliwa kwa neno ‘nakubali’ mara tano. Kikao tumekifunga kwenye saa kumi alasiri ya Afrika Mashariki, mahali ambapo saa haichezi. Kwenye kalenda tunachagua Nairobi. Katika orodha ya saa za maeneo inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani, Dar es Salaam imeunganishwa na Nairobi, hivyo ni saa ileile. Toronto huingia saa mbili au saa tatu asubuhi kutegemea msimu, na wao, pamoja na Lisbon, ndio wanaosogea. Kuhusu kuandika muda, tunaandika tarakimu za saa 24 na jina la mji: 16:00 Nairobi. Hata tukiandikiana kwa Kiswahili sisi wawili.

Ijumaa hatupandishi chochote kwenye seva. Kwa Oman ni mapumziko, wao wiki yao ni Jumapili hadi Alhamisi. Siku ambazo wote sita tuko kazini ni nne tu.

Lakini Jumapili hiyo ya Oman ilinifaa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Nilikuwa nalipia laini mbili za kampuni mbili tofauti nikijiona niko salama. Zote mbili zilikuwa zinategemea nyaya hizohizo. Msimbo wote ulikuwa kwenye kompyuta yangu, kwa sababu Git, chombo cha kutunza msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mmoja nakala yenye historia nzima. Kwa hiyo kuandika niliendelea. Ripoti ndiyo ilikuwa haina njia. Nikamtumia kijana wa Muscat meseji ya kawaida ya simu, maana yeye alikuwa kazini: hali, nilichofanya, ambacho sijafanya. Akainakili kwenye ukurasa wa makabidhiano neno kwa neno, na Jumatatu Toronto wakaamka wakaisoma.

Wiki iliyofuata kila mmoja wetu aliandika namba za wenzake watano kwenye karatasi. Yangu nimeibandika ukutani juu ya meza, kwa mwandiko wa mama. Aliomba kuiandika mwenyewe.