Asilimia 90 ya nini? Kupima programu zinazobashiri vianzio vya unakili wa DNA

Nikipokea makala kuhusu programu mpya ya kubashiri vianzio vya unakili wa DNA, naanza na swali moja: imejaribiwa kwa vipande gani vya DNA? Asilimia ya usahihi baadaye.

Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote, na kazi hiyo huanzia mahali maalumu, panapoitwa kianzio. Bakteria E. coli ana mahali pamoja tu, oriC, penye herufi kama 245 (DNA huandikwa kwa herufi nne: A, T, C na G) katika jenomu, yaani DNA yake yote, ya herufi milioni 4.6. Hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, ina vianzio kama 400 katika herufi milioni 12, na huko ndiko hesabu zinakopotosha watu.

Kawaida programu hupewa fungu la vipande vya vianzio na fungu jingine, sawa kwa idadi, la vipande visivyo vianzio. Tuseme inapatia asilimia 90 katika kila fungu. Sasa ipe jenomu nzima ya hamira, iliyokatwa vipande vya herufi 300. Hivyo ni vipande 40,000, na vyenye vianzio ni 400 hivi. Itanasa 360. Lakini katika 39,600 vilivyobaki itakosea asilimia 10, yaani vipande 3,960. Anayekwenda maabara na orodha hiyo amebeba vipande 4,320, na vya kweli havifiki hata kimoja katika kila kumi. Ni miezi ya kazi na kemikali za bei ghali. Makala isiyoonyesha hesabu hii naihesabu haijakamilika, hata kama jedwali lake linapendeza.

Halafu kuna suala la herufi zenyewe. Vianzio vya hamira vina A na T nyingi, na vingi viko katikati ya jeni na jeni, ambako A na T ni nyingi hata pasipo kianzio. Ukichukua vipande vya kulinganishia kutoka ndani ya jeni, programu inaweza kufaulu kwa kuhesabu A na T tu. Hata ule mfuatano wa herufi 11 unaoshikwa na protini za ORC, zile zinazotambua vianzio, hautoshi: unajitokeza mara kama 12,000 katika jenomu, na sehemu nyingi kati ya hizo hazianzishi chochote. Vipande vya kulinganishia vilivyo bora, kwa maoni yangu, ni vile vyenye mfuatano huohuo, vinavyotoka kati ya jeni, lakini maabara imeonyesha havifanyi kazi.

Na umbali je? Vianzio 400 katika herufi milioni 12 ni wastani wa kimoja kila herufi 30,000. Wapo wanaohesabu kuwa wamepatia ikiwa ubashiri umeangukia ndani ya herufi 5,000 upande wowote wa kianzio. Kwa kipimo hicho, hata anayebahatisha anaweza kupatia karibu mara moja katika tatu. Ndiyo maana nadai ubashiri wa kubahatisha, wenye idadi ileile, uwekwe kwenye jedwali kando ya ule wa programu.