1/144 si skeli kubwa

Tukubaliane kwanza: 1/144 si "skeli kubwa". Hata muuzaji wa modeli, hizi ndege ndogo za kuunganisha kwa gundi, akiandika hivyo kwenye tangazo lake kwa herufi nyekundu, ndege iliyomo ndani ya boksi itabaki kuwa ile inayotosha kiganjani. Matangazo ya namna hii yamezidi, na sasa hata watu wanaozijenga modeli zenyewe, wenye gundi vidoleni, wameanza kusema 1/72 ni kubwa kuliko 1/48 kwa kuwa 72 ni kubwa kuliko 48.

Skeli ni uwiano wa urefu wa modeli na urefu wa kitu chenyewe. Ukiona 1/72 (soma: moja kwa sabini na mbili), kila sentimita 1 ya modeli inasimama badala ya sentimita 72 za ndege halisi. Ni sehemu kama zile za shule ya msingi: asili ikikua, thamani inapungua. Kwenye somo la jiografia tulifundishwa jambo hilohilo. Ramani ya 1:50,000 inakuonyesha kijiji na kijito chake, ya 1:1,000,000 inakuonyesha nusu ya nchi, na hiyo ya pili ndiyo mwalimu aliyoiita ya skeli ndogo. Maana imekwisha hapo.

Lenye utamu ni swali la kwa nini 72. Mtu aliyezoea mita angetegemea 50, au 100. Jibu limo kwenye futi kamba ya seremala. Futi 1 ina inchi 12. Waingereza walipoanza kuchonga modeli za ndege za mbao, waliokubali kwamba inchi 1 iwakilishe futi 6 walipata 72 bila kuitafuta, maana futi 6 ni inchi 72. Rubani wa futi sita anakuwa na kimo cha inchi moja kamili, na mchongaji hahitaji kikokotoo. Mwaka 1932 James Hay Stevens alitoa seti za Skybirds kwa skeli hiyo. Mwaka 1936 ikafuata kampuni ya Frog, kwa plastiki, katika mfululizo walioupa jina la Penguin. Frog ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayosema ndege hii inaruka yenyewe kutoka chini, kwani walianza na ndege za kuchezea zinazoruka kweli. Zilipokuja zisizoruka, wakazibandika jina la ndege mwenye mabawa asiyeruka. Utani wa Waingereza huo, nao si mbaya.

Kisha vita vikaipa namba hiyo kazi ya serikali. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliziomba shule zichonge modeli nusu milioni za kuwafundishia askari kuitambua ndege kabla ya kuifyatulia risasi. Zilichongwa kwa 1/72 na kupakwa nyeusi tupu, ili jicho lishike umbo na lisipotezwe na rangi. Hesabu yake inapendeza: modeli ikishikwa mita 10 kutoka kwa mwanafunzi, anaiona kama ndege iliyo mita 720 kutoka kwake. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilipotoa modeli yake ya ndege ya kivita Spitfire mwaka 1953, ikiuzwa shilingi 2 kwenye maduka ya Woolworths ndani ya kimfuko cha plastiki, 72 ilikuwa na wenyewe tayari.

Ndugu zake wote wametoka kwenye futi kamba hiyohiyo. 1/48 ni robo inchi kwa futi. 1/24 ni nusu inchi kwa futi. 1/32 ni thumni tatu za inchi kwa futi. 1/144 ni inchi 1 kwa futi 12, yaani nusu ya 1/72 kwa urefu. Wajapani na Wafaransa, watu wa mita, walijaribu kuingiza 1/50 na 1/100 zenye mantiki ya kwao. Tamiya, kampuni ya Kijapani, walikuwa na ndege za skeli zote mbili. Leo Tamiya haohao wanasifika kwa 1/48. Inchi ilishinda. Sisi tusicheke: nchi zetu zinapima barabara kwa kilomita, lakini nenda kanunue mbao uone kama hutaulizwa "mbili kwa nne au mbili kwa sita?"

Vifaru vina 1/35, na hapo usitafute futi wala mita. Tamiya walipounda modeli yao ya kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, walihitaji nafasi ya mota na betri ndani ya kifaru. Walipokuja kupima kilichotokea, kikawa takriban 1/35. Ndiyo maana askari wa boksi la kifaru akisimamishwa chini ya bawa la ndege ya 1/32 anaonekana amedumaa. Mtu wa sentimita 175 ana sentimita 5.5 kwenye 1/32 na sentimita 5 kwenye 1/35. Nusu sentimita tu, lakini jicho halisamehe.

Sasa kosa la pili, ambalo hata wanaojua hesabu hulifanya: kusema 1/48 ni "kubwa kidogo tu" kuliko 1/72. Kwa urefu, ni mara moja na nusu. Lakini modeli haina urefu peke yake. Eneo la kupaka rangi linakuwa mara 2.25, na ujazo mara 3.375. Aliyemaliza ndege ya kivita F-5 ya 1/72 kwa kichupa kimoja cha rangi, kisha akanunua ya 1/48 akidhani kichupa kingine kama hicho kitatosha, ataishiwa akiwa amefika bawa la pili, na rangi ya kichupa kipya mara nyingine hailingani na ya kwanza.

Skeli inatawala pia vitu ambavyo havionekani kuwa na skeli. Mfereji wa milimita 0.3 unaochorwa kwenye plastiki kuonyesha maungio ya mabati ni, kwenye 1/72, ufa wa sentimita 2 na ushee kwenye ndege halisi. Hakuna rubani atakayepanda chombo chenye nyufa hizo. Unene wa rangi ni vilevile: tabaka la sehemu ya kumi ya milimita ni plasta ya milimita 7. Ndiyo sababu wakubwa wa kazi hii wanapaka tabaka jembamba, wanasubiri likauke, wanapaka jingine. Wanaoanza huwadhani wana uvivu wa kumaliza.

Na ukubwa wa modeli, je? Huo ni kitu kingine. F-5E, ile Wakenya wameizoea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na kituo chake kiko Laikipia, ina urefu wa mita 14.45. Kwenye 1/48 inakuwa na sentimita 30, mabawa yake sentimita 17. C-130 Hercules, ndege ya mizigo, ina mabawa ya mita 40.4; kwenye 1/72, skeli iliyo ndogo kuliko 1/48, mabawa hayo yanafika sentimita 56 na kabati lako litalalamika. Kwa hiyo anayesema "nataka skeli ya sentimita 30" ametaja nafasi aliyonayo kwenye rafu. Ni taarifa muhimu kwa muuzaji, ila haijasema skeli.

Kuna boksi ambazo hazina namba kabisa. Miaka ya 1950 viwanda kadhaa vya Marekani vilipunguza kila ndege hadi itoshe kwenye boksi la kipimo kimoja, ndege ya abiria na ya kivita sawasawa, na masalia ya mtindo huo bado yanauzwa. Ukikutana nayo, chukua rula. Pima modeli kwa sentimita, tafuta urefu wa ndege halisi kwa sentimita, gawanya wa pili kwa wa kwanza. F-5E ya sentimita 20 inakupa 72. Ya sentimita 24 inakupa 60, na hiyo bado ni F-5 nzuri ya kupaka rangi; iite tu moja kwa sitini, na usiiweke bega kwa bega na ya 1/72.