Kupanda Mwamba wa Mudanda, Tsavo: Maswali na Majibu ya Afya kwa Wasafiri wa Mombasa

Mwamba wa Mudanda uko ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, kaskazini mwa Voi ukielekea Manyani. Ni jiwe tupu lenye urefu wa kama kilomita 1.6, na chini yake pana bwawa ambalo ndovu hulijia wakati wa kiangazi. Kupanda hadi mahali pa kutazamia ni mwendo mfupi, na ufupi huo ndio unaowafanya watu waache maji garini. Tsavo si jangwa kamili, ni nyika kame, lakini jua la mchana juu ya jiwe lisilo na mti halijali tofauti hiyo.

Sisi watu wa Mombasa joto tumelizoea. Kwa nini la Tsavo lituzidi?

Joto ulilozoea ni la hewa yenye unyevu. Mombasa jasho linakutiririka, shati linashikana na mgongo, na mwenyewe unajua maji yamekutoka. Nyikani hewa ni kavu, hivyo jasho hukauka likitoka tu. Ngozi inabaki kavu, unajiona mzima, kumbe mtu anayepanda juani anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Tazama nguo: michirizi myeupe ya chumvi kwenye kola na kofia inakwambia yaliyokwisha kutoka. Usingoje kiu, kwa sababu huja ikiwa imechelewa.

Pili, mwamba wenyewe hunyonya jua tangu asubuhi na kulirudisha kwako kutoka chini. Unachomwa pande mbili.

Kuzoea kupo kweli, ila mwili huzoea joto kwa kufanya kazi ndani yake kila siku kwa wiki moja au mbili. Anayeshinda dukani chini ya feni hajazoea kupanda juani, hata kama amezaliwa Kisauni.

Tupande saa ngapi?

Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Hapo ndipo watu wengi wa Mombasa wanapokosea hesabu. Voi iko kama kilomita 150, na malori ya Mariakani hayana haraka na mtu. Ukitoka nyumbani alfajiri utafika chini ya mwamba jua likiwa limeshapanda. Ni bora kulala Voi na kuwa langoni linapofunguliwa saa kumi na mbili. Ukichelewa, pumzika kivulini hadi saa kumi alasiri, na uhakikishe utatoka mbugani kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Januari hadi Machi joto huwa kali zaidi. Na aliyefunga Ramadhani aiweke safari hii baada ya Idi.

Tubebe maji kiasi gani?

Kila mtu apande na lita moja mkononi au mgongoni, hata kama mwendo ni wa nusu saa. Garini wekeni akiba ya lita nne au tano kwa kila mtu kwa siku nzima, kwani gari likikwama njiani hayo ndiyo mtakayoyategemea. Kunywa nusu lita pole pole saa mbili kabla ya kupanda, kisha robo lita hivi, kwa mafunda machache machache, kila baada ya dakika 15 au 20. Nusu ya chupa ikiisha kabla hujafika juu, geuka urudi.

Kumbuka kwamba tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za Kenya. Chukua chupa ya kujazia au jerikeni.

Maji mengi kupita kiasi nayo yana hatari. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Anayejimiminia maji matupu huku anatoa jasho jingi hushusha kiwango cha chumvi katika damu: kichwa kinamgonga, anatapika, vidole vinavimba, na anaweza kuchanganyikiwa. Huyo usimwongezee maji, mpeleke hospitali.

Madafu, soda, miraa?

Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hutoa sodiamu zaidi. Kwa hiyo linywe pamoja na kitu chenye chumvi: korosho, kachiri, kiazi karai. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), iliyochanganywa na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, inafaa zaidi kwa aliyekwisha kuishiwa nguvu. Ukiikosa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji. Usikadirie chumvi kwa vidole.

Soda haidhuru, ila haikati upungufu wa chumvi. Miraa na muguka viacheni hadi mrudi: hupandisha joto la mwili na mapigo ya moyo, na humfanya mtu asihisi uchovu unaopaswa kumsimamisha.

Nani aongee na daktari kwanza?

Mwenye selimundu, yaani sickle cell, kabla ya wote. Kuishiwa maji kunaweza kuchochea maumivu makali ya ugonjwa huo, na Pwani tunao wengi wanaoishi nao. Pia anayemeza dawa za presha zinazokojoza, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, mjamzito, na aliyeharisha au kuwa na homa wiki hiyo. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, kama klofeniramini, hupunguza jasho. Usizimeze asubuhi ya kupanda bila kuuliza. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako.

Insulini huharibika ikiachwa ndani ya gari lililofungwa. Ifunge kwa kitambaa kibichi ndani ya mfuko unaopitisha hewa, ukae nao kivulini.

Mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni na mama yake hupashana joto naye. Wao wabaki chini na mwenzao mmoja, ndani ya gari lenye hewa.

Tuvae nini?

Nguo pana, nyepesi, za mikono mirefu. Buibui pana halina tatizo la joto kama wengi wanavyodhani, maana hewa hupita ndani yake. Hatari yake ni kulikanyaga kwenye mteremko, basi lipandishe na ulifunge kiunoni juu ya suruali. Champali na ndara hazifai. Vaa viatu vilivyofungwa, vyenye soli inayoshika jiwe.

Beba leso na uilowanishe shingoni. Nyumbani huenda usione faida yake kubwa, kwa sababu unyevu wa hewa huizuia kukauka. Kwenye hewa kavu inakauka haraka na kuondoka na joto lako. Mwenye ualbino apake losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi, nusu saa kabla na tena kila baada ya saa mbili, pamoja na kofia pana.

Mwenzetu akizidiwa na joto tufanye nini?

Kwanza mwulize jina lake, siku ya leo na mahali alipo. Akijibu sawasawa, lakini ana kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inakaza na anatoa jasho jingi, ni uchovu wa joto. Mkalishe kivulini, mlegeze nguo, inua miguu, mpe ORS mafunda madogo madogo. Asirudi juu siku hiyo hata akisema amepona. Nusu saa ikipita bila nafuu, mwondoeni.

Akijibu ovyo, akigomba bila sababu, akipepesuka, akidegedega au kuzimia, joto limefika kwenye ubongo. Mara nyingi mwili huwa umepita nyuzi 40, na dakika zina thamani. Watu hungoja ngozi ikauke ndipo waamini. Msingoje, kwani aliyekuwa akipanda anaweza kuwa bado ana jasho. Mpoze kwanza hapo hapo: mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, na watu wawili wampepee bila kukoma. Barafu ya kasha la vinywaji iwekwe shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Usimpe kitu mdomoni. Akizimia, mlaze ubavu. Parasetamoli haisaidii joto la aina hii.

Mkiendelea kumpoza, mjulisheni askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na mpige 999 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mtandao hukatika katika sehemu za mbuga, basi dereva ajue mapema njia ya hospitali ya rufaa ya Moi, Voi.

Kuna hatari nyingine juu ya mwamba?

Kuanguka, hasa wakati wa kushuka, mapaja yakiwa yamechoka. Ukifika juu usisimame wima ghafla ukingoni: baada ya kupanda damu hukusanyika miguuni, na mtu hupata kizunguzungu. Kaa chini kwanza, umbali wa hatua tatu kutoka ukingoni, na usirudi kinyumenyume kutafuta picha. Mguu ukiteguka na mtu hawezi kupiga hatua nne, mchukulie kama aliyevunjika.

Usishuke garini pasiporuhusiwa, na uulize langoni kama mtapewa askari. Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani. Akiumwa na nyoka: asitembee, avuliwe pete na viatu, kiungo kifungwe kibao kisisogee, aende hospitali. Hakuna kuchanja, kunyonya wala kukaza kamba.

Nimerudi Mombasa, ninaumwa. Ni joto bado?

Mkojo ukiwa wa kahawia, au misuli inauma na kuvimba siku moja au mbili baadaye, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani misuli iliyoharibika huweza kuziumiza figo. Homa inayoanza siku saba au zaidi baada ya safari si ya jua. Pima malaria kabla ya kumeza dawa yoyote.