Dhana Potofu Kuhusu Utamu wa Hadithi za Shule za Mashujaa

Dhana: Nguvu za mhusika zikizidi, hadithi nayo huzidi kunoga.

Kinachonogesha hadithi hizi za vijana wenye nguvu za ajabu wanaosomea ushujaa shuleni ni mipaka ya nguvu hizo na gharama ya kuzitumia. Cyclops, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa X-Men, kundi la mashujaa wa vitabu vya katuni lililobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, hawezi kuizuia miali itokayo machoni mwake, hivyo hulazimika kuyafunika kwa kifaa maalumu asije akawaumiza wenzake. Katika My Hero Academia, katuni ya Kijapani ya Kohei Horikoshi, Izuku Midoriya huzaliwa bila uwezo wowote wa ajabu katika dunia ambamo takriban asilimia 80 ya watu wanao. Na hata anaporithi nguvu kubwa, mwanzoni kila akizitumia zote mifupa yake huvunjika, kwa kuwa mwili wake haujawa tayari kuzibeba.

Dhana: Masomo, mitihani na mashindano huchelewesha tu mapambano ya kweli.

Hili ndilo kosa kubwa zaidi, na huwafanya wasomaji wengi waruke sehemu zilizo bora kuliko zote. Katika pambano dhidi ya mhalifu anayetaka kuangamiza jiji, msomaji hujua mapema kwamba shujaa atashinda kwa namna fulani, maana akishindwa kabisa hadithi imekwisha. Lakini katika mtihani mwanafunzi anaweza kufeli kweli, akaaibika mbele ya darasa, na kesho yake akalazimika kuketi karibu na yule aliyemshinda. Katika tamasha la michezo la shule yao, Midoriya anapambana na Shoto Todoroki, kijana anayekataa kutumia moto wake kwa sababu ya chuki dhidi ya baba aliyemrithisha. Midoriya anamhimiza autumie, akisisitiza kwamba nguvu hizo ni zake mwenyewe, na Todoroki anapoukubali moto huo, Midoriya anashindwa. Hakuna mhalifu aliyehitajika ili tukio hilo litikise moyo. Kanuni za mashindano zilikuwa wazi, kwa hiyo uzito wote ukabaki kwa vijana wawili na uamuzi wao.

Dhana: Darasa kubwa humchanganya msomaji.

Darasa la Midoriya lina wanafunzi 20, na bado wanatambulika, kwa kuwa uwezo wa kila mmoja umefungamanishwa na tabia yake. Mkanganyiko huja mwandishi anapowatambulisha wote kwa mbwembwe, kisha akawasahau.

Dhana: Ni hadithi za watoto.

Mfululizo wa Horikoshi, uliochapishwa kuanzia 2014 hadi 2024, unaonyesha jamii ambamo ushujaa ni ajira yenye leseni, mishahara na orodha ya umaarufu. Mtu mzima aliyewahi kupimwa kazini kwa sifa badala ya utendaji hahitaji kufafanuliwa kwa nini jambo hilo linauma.