Anza Kwenye Mlimau: Kutazama Vipepeo na Kereng'ende Wakati wa Likizo

Likizo ikikaribia, sisi wa kitengo cha wadudu huulizwa sana: niende msitu gani nikaone vipepeo? Mabira, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, hautakuangusha. Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, inakupa miti mikubwa na ufuo wa ziwa kwa nauli moja. Lakini Uganda ina aina zaidi ya 1,200 za vipepeo, na baadhi yao wako uani kwako. Mimi humwambia mtu aanze kwenye mlimau.

Chunguza majani machanga. Ukiona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe, usikipuuze: huenda ni kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akikua hugeuka kijani. Mguse taratibu kwa kijiti, naye atatokeza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya kumfukuzia adui. Wengi hukimbilia kumpulizia dawa. Mlimau mkubwa hauumizwi na viwavi wachache, waacheni.

Mwingine wa kumjua mapema ni wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe. Huruka polepole, bila wasiwasi, na ana sababu: kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu yake hubaki mwilini hadi awe kipepeo. Ndege akimwonja harudii. Kuna jike wa aina nyingine kabisa, asiye na sumu, anayevaa rangi hizohizo na kuponea hapo. Tazama bawa la nyuma: mwenye sumu ana madoa meusi kadhaa katikati, mwigaji ana moja tu kwenye ukingo wa mbele.

Kereng'ende watafute penye maji: kidimbwi, mfereji, kando ya kinamasi. Hawaumi watu wala hawana mwiba, hata watoto wakiambiwa vingine. Usiwafukuze. Dume huwa na kijiti chake cha kutua. Akiruka kumtimua mwenzake, mara nyingi hurudi palepale, kwa hiyo simama na umsubiri. Jua la mchana likichoma, baadhi yao huinua mkia juu ili mwili usipigwe sana na jua. Wale wembamba wanaofumba mabawa mgongoni ni jamaa zao wa karibu. Watoto wa kereng'ende, waitwao tunutu, huishi majini na hula viluwiluwi vya mbu, wakiwanasa kwa mdomo wa chini unaofyatuka ghafla. Lakini usiingie majini kuwatafuta, hasa kando ya Ziwa Victoria, maana kichocho kipo.

Toka kuanzia saa tatu asubuhi, jua likiwa limepanda. Siku ya mawingu hutaona wengi. Ndizi iliyooza ukiiweka chini ya mti huwavuta vipepeo wa msituni wasiojali maua.

Wavu uache nyumbani, kwani kukamata wadudu kwenye hifadhi kunahitaji kibali. Simu inatosha, ila kivuli chako kisimwangukie. Piga picha ya mabawa juu na chini: wengi wana rangi tofauti pande hizo, na bila picha ya chini mara nyingi hatuwezi kukutajia ni aina gani.